Dashibodi ya pikapu imepauka, rangi haishiki

Mpemba94: Asalaam alaykum wakuu, mie nna Hilux ya 1994 nipo Wete huku, jua limeimaliza dashibodi na plastiki za milango, nilipuliza rangi ya kopo ikabanduka kama ganda la kitunguu. Nimekosea wapi?

Fundi_Kwerekwe: Waalaykum salaam. Yakhe si ulikuwa ukipaka ile dawa ya kung'arisha dashibodi? Ile ina silikoni, rangi haishiki ng'o. Vua plastiki zote, osha na sabuni ya vyombo mara mbili, piga msasa wa maji namba 400 mpaka mng'aro uondoke, zikikauka futa na spiriti. Thina usiguse, plastiki nyengine inayeyuka. Angalia kwa nyuma pameandikwa nini, ikiwa PP (polipropilini, plastiki isiyoshika rangi) lazima praima ya plastiki kwanza, ile ya kushikisha rangi, hapo hakuna ujanja.

BabaKenta: Na rangi isiwe ya kung'ara!! Mie nliweka, mchana natoka Mkoani kwenda Chake naiona dashibodi kwenye kioo badala ya njia 😂 puliza nyepesi nyepesi mara tatu

Mpemba94: Nshaangalia, milango PP, ile dawa nliipaka kila Ijumaa 🙈