Nikiitwa na bosi naishiwa nguvu, naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu. Nipo Uyole hapa Mbeya, miaka 31, natunza stoo ya mbolea. Nikiitwa tu ofisini viganja vinalowa jasho mpaka wino wa daftari unachuruzika. Juzi bosi kasema mifuko 12 ya DAP haionekani. Nilijua imepakiwa kwenye fuso la Tukuyu, risiti ninayo mfukoni kabisa, ila nikajikuta naitikia "ndiyo mzee, nisamehe". Nikakatwa mshahara! Marehemu baba alikuwa mkali, labda ndiko ilikoanzia. Hata kwa balozi wa nyumba kumi nanywea. Nina kamtaji ka kulima viazi mviringo, lakini mwaka wa pili huu nasubiri mtu aniambie "anza". Mliowahi kuwa hivi mkatoka, mlianzia wapi?