Naomba ushauri kuhusu tiba ya tabia kwa mtoto mwenye usonji

Wazazi wenzangu, mwanangu wa miaka minne ana usonji, na akitaka maji hunishika mkono na kunivuta hadi kwenye mtungi bila kutamka neno. Mtaalamu mmoja hapa Nairobi amependekeza tiba ya tabia (mtoto hufunzwa stadi hatua kwa hatua na kutuzwa anapofaulu) kwa saa nyingi kila wiki, akitaja utafiti wa mwanasaikolojia Lovaas wa 1987 uliotumia saa 40, ambazo mfuko wangu hauziwezi (na sijui mtoto angecheza saa ngapi). Je, kuna waliofaidika na saa chache tu, huku mzazi akifundishwa mazoezi ya nyumbani? Tathmini ya mtoto mlifanyia KISE (taasisi ya elimu maalum ya Kenya) kule Kasarani au hospitalini? Zaidi ya gharama, kinachonitia hofu ni kwamba katika kipindi cha tiba nilichoshuhudia, mtoto mmoja alizuiwa kupunga mikono, jambo ambalo wangu hulifanya akifurahi na halimdhuru yeyote.