Naomba ushauri: ndago katika shamba la maharage, Kasulu

Ndugu wakulima, ninalima maharage wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, na ndago (magugu yanayofanana na nyasi) zimeenea kiasi kwamba huchipua kabla maharage hayajafunika ardhi. Ninaelewa kwamba zao hili, kwa kuwa ni fupi na mizizi yake si mirefu, huumia zaidi linaposongwa na magugu katika wiki za mwanzo, kwani hunyimwa maji, rutuba na mwanga, na hatimaye maganda kwa kila shina hupungua. Kishona nguo hakinisumbui, jembe linakitosha. Ndago, kwa upande wake, ukiikata juu, viazi vyake vilivyobaki ardhini huchipua upya, na palizi ya kurudiarudia wakati wa maua huyapukutisha maua yenyewe.

Jirani amenipendekezea dawa ya 2,4-D anayopulizia mahindi, lakini hiyo huua mimea ya majani mapana, maharage yakiwemo, kwa hiyo nimeikataa. Je, ni bora nipulizie glaifoseti (dawa inayoua karibu kila aina ya mmea) ndago zikiwa zimechipua, kabla ya kupanda, au nipumzishe maharage msimu mmoja nipande viazi vitamu vifunike ardhi? Naomba kusikia hasa kutoka kwa waliowahi kuzipunguza ndago kwa jembe la mkono.