MJADALA: Hoteli za "watu wazima tu" Zanzibar, zibaki au zipigwe marufuku? Mi nasema zibaki, ila mtoto wa kunyonya wamuache aingie na mamake

Wadau habari za jioni. Naleta hili maana kwenye familia yetu limeshazua maneno, na naona hata mitaani watu wakilitaja wanalitaja kwa hasira. Swali ni hili, hoteli kubwa yenye spa (sehemu ya masaji na chumba cha mvuke) inayosema haipokei watoto, je ni haki yake kama biashara au ni ubaguzi tunaoufumbia macho kwa sababu ya hela za watalii?

Nieleze kwanza mi nimelijuaje. Mimi na mume wangu tulipotimiza miaka kumi ya ndoa tuliwaacha watoto watatu kwa bibi yao Mbagala, tukapanda boti ya asubuhi hadi Unguja na kwenye saa nane mchana tulishafika hotelini kaskazini huko. Bibi yao akapiga simu kuuliza tumefikia wapi, mi kwa haraka nikamjibu "hoteli ya watu wazima mama", akanyamaza. Kesho yake wifi yangu ananipigia, "Wifi, mama hajalala, hebu niambie ni hoteli gani hiyo mmeenda". Hapo ndo nikaelewa tatizo moja kubwa la huu mjadala, kwamba kwa Kiswahili chetu ukisema "ya watu wazima" au "ya wakubwa" mtu anasikia uchafu, anasikia yale mambo ya kufichwa. Na hoteli zenyewe zinatafsiri hivohivo neno kwa neno kwenye matangazo yao, halafu tunashangaa masheikh na wazazi wakikasirika. Waandike tu "hatupokei watoto", kila mtu ataelewa.

Maana kilichomo ndani ni utulivu, basi. Unaamka hakuna anayelia, unakula taratibu chakula chako kikiwa bado cha moto (mama yeyote wa watoto wadogo hapa anajua nazungumzia nini), halafu unaenda spa. Tuliingia chumba cha mvuke, tukafanyiwa masaji, mi nikasingwa singo (ule mchanganyiko wa kusugulia ngozi) yenye karafuu na asumini na yule dada aliyenisinga ni Mmakunduchi, ananiambia hii kazi ameanza kwa shangazi yake anayesinga maharusi. Mume wangu alilala usingizi wa mchana, sijawahi kumuona analala mchana tangu tuoane. Tulirudi nyumbani tunaongea vizuri, sio kuongea kwa kupigiana kelele kutoka chumba hadi chumba.

Sasa majibu yameshaanza kuja, najibu hapahapa.

Kuna aliyeandika: "Huu ni utamaduni wa kizungu, Mwafrika hamkimbii mtoto wake." Ndugu yangu, ukishuka bandarini pale Unguja ukaingia Mji Mkongwe kuna mtaa unaitwa Hamamni, umeitwa hivo kwa sababu Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alijenga pale hamamu ya watu kuoga kwa maji moto, na watu walilipa kuingia. Nenda Kidichi, kama kilometa 11 nje ya mji, kuna mabafu aliyojenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, apumzike akitoka kuwinda na kutembelea mashamba ya mikarafuu. Mahali pa kuoga na kupumzika nje kidogo ya mji, si ndo hicho kitu chenyewe tunachokijadili? Tena tuache masultani, tuje kwetu wenyewe. Unyago mtoto anaingia? Chumba ambacho somo, yaani kungwi, anamsinga bi harusi watoto wanaachwa wakimbie kimbie humo? Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, mpaka anafariki 2013 alikuwa anafundisha mambo ya unyago na kila mtu alijua yule ambaye hajavunja ungo hana nafasi pale, na hakuna aliyesema Bi Kidude anachukia watoto. Sisi siku zote tumekuwa na sehemu za watoto na sehemu zisizo za watoto, na mtoto mwenyewe anajua, akiona wageni wakubwa wameketi anaenda kucheza nje.

Mwingine kauliza, "Mbona wasifunge spa tu na hoteli wakaiacha wazi kwa wote?" Hili ni swali zuri na limenisumbua. Spa kufungwa kwa watoto wala haina mjadala, chumba cha sauna kinafika nyuzi 80 au 90, na mwili wa mtoto unapata moto haraka kuliko wa mtu mzima maana ni mdogo na jasho lake ni kidogo, hata mjamzito anaambiwa asikae humo. Hoteli nzima ndo ugomvi. Mi naona ukiwa na njia mbadala hapohapo hakuna aliyeonewa. Nungwi ipo Riu Palace ambayo ni ya watu wazima na jirani yake ipo Riu Jambo ya kampuni hiyohiyo inayopokea familia, mwenye watoto hakosi pa kulala. Ubaya utakuja siku ufukwe mzima umegeuka wa wasio na watoto, hapo mi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kupinga.

Na mchanga wa mbele ya hoteli je? Kule mashariki Paje na Jambiani maji yakitoka kina mama wanaenda kwenye mwani na watoto wao wanawafuata nyuma, wakipita mbele ya hoteli ya aina hii mlinzi asithubutu kuwafukuza eti watoto wanapiga kelele. Hao watoto walikuwepo pale kabla ya hoteli.

Haya, sheria, maana kuna mchangiaji anasema "ni ubaguzi na uko kinyume cha katiba". Katiba ya Muungano ibara ya 13 inapotaja ubaguzi inataja utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya siasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha, umri haimo. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 5 inakataza kumbagua mtoto na humo UMRI umetajwa wazi, ila hiyo ni ya bara, Zanzibar wana ya kwao ya 2011. Wakenya nao katiba yao ya 2010 ibara ya 27 imetaja umri, kwa hiyo Diani au Watamu mtu akienda mahakamani kesi inaweza kuwa na uzito kuliko huku kwetu. Na wala sio sisi tu tunaobishana. Korea Kusini mwaka 2017 tume yao ya haki za binadamu ilisema mgahawa mmoja wa kisiwa cha Jeju ulibagua kwa kukataa watoto chini ya miaka 13. Ufaransa 2024 seneta Laurence Rossignol alipeleka muswada ili kumkatalia mtu huduma kwa sababu ni mtoto iwe ubaguzi. Waingereza wao sheria yao ya usawa ya 2010 kwenye huduma inamlinda kwa umri mtu wa miaka 18 kwenda juu tu, chini ya hapo biashara inaweza kukataa. Kwa hiyo anayesema "dunia nzima inaruhusu" au "dunia nzima inakataza" wote mnatudanganya.

Sasa nifike kwenye linaloniuma, na ndo sababu hasa ya kuandika. Mdogo wangu anaishi Muscat, alikuja likizo na mumewe na kichanga cha miezi sita kinachonyonya. Nilimsifia ile hoteli yetu lakini ilikuwa imejaa, ejenti akamtafutia nyingine ya aina hiyohiyo, akalipa hela yote, hakuna mahali palipoandikwa umri. Wamefika mapokezi saa mbili usiku na mabegi, wanaambiwa mtoto haruhusiwi. Akawaambia huyu hatembei, haogelei, analala kwangu. Wakasema sheria ni sheria. Walizunguka na teksi hadi karibu saa sita ndo wakapata gesti mjini, na ejenti akawarudishia nusu tu.

Mtoto wa miaka minane unaweza kumuacha kwa bibi. Anayenyonya unamuachaje? Ukimkataa yeye umemkataa mamake, na baba hukumkataa maana yeye angeweza kuingia peke yake muda wowote. Hapa sibadiliki, na wale mnaoniandikia "akubali tu kwamba huu sio wakati wake" mmeshawahi kuamka saa tisa usiku mara mia na themanini mfululizo? Huyo ndo anayehitaji masaji kuliko wote mule ndani. Wampe chumba cha pembeni, spa asiingie na mtoto, baba akae naye saa moja, imeisha hiyo.

Na umri uandikwe kwa herufi kubwa kabla mtu hajalipa, maana hoteli hii inasema 18, ile 16, nyingine 12, mtu utajuaje. Ejenti asiyesema arudishe hela YOTE.

Aliyefanya kazi mapokezi kwenye hoteli za hivi naomba aje aseme, mtu akifika usiku na kichanga mnaambiwa mfanyeje? Na mwanasheria wa Zanzibar kama yupo, ile sheria ya 2011 kwenye suala la umri inasomekaje.