Mashindano ya roboti ya wanafunzi Arusha: kama roboti inaundwa na fundi wa kulipwa semeni mapema, tusiwachoshe watoto

Wakuu habarini. Naandika nikiwa na hasira toka juzi Jumamosi, usingizi umegoma kabisa, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Mimi ni fundi wa redio, simu na laptopu hapa Moshi, nina kibanda maeneo ya Majengo, na toka mwaka juzi nawasaidia madogo wa shule moja ya kata kwenye klabu yao ya roboti. Silipwi na sidai. Niliingia huko kwa sababu mtoto wa dada yangu anasoma pale, sasa hivi yuko kidato cha pili, alikuja kibandani siku moja akaniambia anko naomba mota ya sidii mbovu, nikamuuliza ya nini, basi ndo ikawa hivyo mpaka leo.

Waandaaji siwataji na shule iliyochukua kombe siitaji, waliokuwepo ukumbini wanajua. Ninachotaka ni watu wazima wanaohusika wasome hapa.

Karatasi ya masharti tuliyotumiwa, ukurasa wa kwanza kabisa, inasema roboti iundwe na iandikiwe programu na wanafunzi wenyewe, mtu mzima anashauri tu, haruhusiwi kugusa. Hilo sharti nalijua kwa moyo maana mimi ndo limenitesa kuliko mtu yeyote. Nyie hamjui ilivyo ngumu fundi kukaa pembeni unamuangalia mtu analehemu vibaya halafu unyamaze. Mwezi uliopita roboti yao ilikuwa ikienda mita moja inavuta kushoto inasimama, ikisukumwa kidogo inaendelea. Madogo wakakomaa na programu siku tatu nzima, wanabadilisha namba, wanafuta, wanaandika upya. Mimi siku ya kwanza tu nilishaona, ule waya wa mota ya kushoto risasi ya kulehemu imekaa kama tope, haing'ai, yaani haijashika, roboti ikitetemeka waya unaachia. Kwangu ni kazi ya dakika moja, solda ilikuwa ya moto pale mezani. Nikaweka mikono mfukoni. Nikawaambia tu, jamani mkishamaliza kwenye programu jaribuni kutikisa waya mmoja mmoja roboti ikiwa imewashwa. Siku ya tatu jioni huyu mtoto wa dada akaushika ule waya, mota ikazima, akauachia ikawaka, akapiga kelele mpaka mama wa duka la jirani akaja mbio akidhani kuna mtu kapigwa shoti. Akauchomoa, akausafisha, akalehemu upya mwenyewe, mara ya kwanza akaunguza kidole, mara ya pili ikatoka inang'aa. Sasa huyo mtoto hata ukimuamsha saa nane usiku atakwambia waya ukilegea roboti inafanyaje.

Na vifaa vyenyewe mjue vilivyopatikana. Bodi inayobeba programu na kuiongoza roboti ni Arduino Uno ya kichina, tumeichangia mimi na madam wao wa fizikia. Betri ni seli za laptopu zilizokufa hapo kibandani kwangu, unapasua pakiti unakuta seli sita, mbili tatu bado nzima, hiyo kazi ya kupasua niliifanya mimi maana seli za lithiamu ukizichokonoa vibaya zinawaka moto, hilo siwezi kumuachia mtoto na nililiandika wazi kwenye fomu. Bodi ya mwili ni kipande cha plaiwudi toka kwa seremala. Gurudumu la mbele ni kile kimpira cha deodoranti ya kupaka, wamekitoa wakakitengenezea kitako, kinazunguka pande zote vizuri kuliko vya kununua. Waliweka seli mbili wakipigia hesabu volti saba na kitu, mota zikawa goigoi, wakakaa na mita wakapima wenyewe wakagundua ile bodi ya kuendeshea mota, L298N, inakula karibu volti mbili njiani. Wakaongeza seli ya tatu. Watoto wa kidato cha pili na cha tatu hao.

Tukaondoka Moshi alfajiri na Kosta, boksi la roboti dogo mmoja kalipakata toka stendi mpaka Arusha, tulipofika Bomang'ombe nikamwambia nipokee upumzike akakataa.

Sasa ukumbini. Kazi ilikuwa roboti ifuate mstari mweusi juu ya meza nyeupe, ikikutana na kizuizi ikizunguke, irudi kwenye mstari, ifike mwisho. Tukapewa dakika ishirini za kujaribu. Meza wameiweka pembeni mwa madirisha makubwa na jua la asubuhi linaingia lote. Kwa wasiojua, zile sensa za mstari, yaani vifaa vya roboti vya kuhisi mstari, zinapiga mwanga usioonekana kwa macho halafu zinapima kiasi gani kimerudi, na jua nalo limejaa mwanga huohuo. Darasani Moshi kwenye nyeusi zilikuwa zinasoma kama 800 na kwenye nyeupe 90, hivyo madogo walikuwa wamepasua katikati, 450, juu ya hapo roboti ijue ni nyeusi, chini ya hapo ni nyeupe. Pale dirishani nyeusi ikashuka mpaka 300. Maana yake roboti ikifika upande ule inaona kila kitu ni cheupe, inapotea.

Nikasema basi, tumekwisha. Lakini mtu mzima hagusi. Nikasimama nyuma ya kamba na madam kama masharti yanavyosema. Mtoto wa dada akachana boksi la sabuni, akatengeneza kikofia akakibandika kuzunguka zile sensa kuzuia jua la ubavuni, mwenzake huku akabadilisha programu, roboti ikiwashwa ianze kwanza kujitikisa kushoto na kulia juu ya mstari, isome nyeusi ya hapo ni ngapi na nyeupe ya hapo ni ngapi, ndo ipasue katikati yenyewe. Dakika ishirini! Hakuna mtu aliyewaambia. Mimi machozi yalinilengalenga na sioni aibu kulisema.

Mchana nikatoka kwenda msalani, nyuma ya ukumbi kuna magari yamepaki. Ndani ya gari moja kuna jamaa mtu mzima kabisa, laptopu mapajani, roboti ya ile shule iliyochukua kombe imechomekwa waya, anaandika programu. Wale wanafunzi wenyewe wako kwa mama lishe wanakula chipsi. Nikamsalimia kifundi, naona na wewe uko kazini, akanijibu bila wasiwasi wowote kwamba kapewa hiyo kazi na mzazi mmoja wiki tatu zilizopita, kaiunda nyumbani kwake, na sasa anairekebisha kwa ajili ya jua. Anairekebisha kwa ajili ya jua! Jambo lilelile watoto wangu walilimaliza na boksi la sabuni mbele ya kila mtu.

Raundi ya mwisho ile roboti ikakimbia vizuri, siwezi kusema uongo, haikukosea hata kona moja. Sisi tukawa wa pili kwa sekunde chache. Watu wakapiga makofi, kombe likatolewa, picha zikapigwa.

Baada ya picha mtoto wa dada akamfuata dogo mmoja wa ile timu, wala si kwa ubaya, yeye alikuwa kaipenda roboti yao jinsi inavyozunguka kizuizi. Akamuuliza nyie kwenye ile sensa ya umbali baada ya kupata muda mnagawa kwa mbili kabla ya kuzidisha au baada? Sasa hili kwa aliyewahi kuitumia ni swali la chekechea. Ile sensa ina macho mawili, moja linapiga sauti, jingine linasubiri mwangwi, sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde, na muda unaoupata ni wa kwenda na kurudi, kwa hiyo lazima ugawe kwa mbili upate umbali wa kwenda tu. Yule dogo akamuangalia, akaangalia chini, akasema sijui, aliyeiprogramu ni braza. Halafu akaondoka haraka. Wakuu, nilimuonea huruma yule mtoto kuliko hata hawa wangu. Kabebeshwa kombe ambalo hawezi kulielezea, na yeye mwenyewe anajua. Nani kamfanyia hivyo? Mzazi wake na mwalimu wake, watu waliotakiwa kumlinda.

Nikaenda kwa jaji mkuu na madam, kwa heshima zote, tukamueleza ya kwenye gari. Akatujibu sisi tunapima roboti inafanya nini mezani, ya nyumbani nani kafanya nini hatuwezi kuyafuatilia. Nikamuonyesha lile sharti kwenye karatasi yao wenyewe. Akasema tutalifanyia kazi mwakani.

Hamuwezi kufuatilia vipi? Wenzenu wanafuatilia miaka yote. Kuna FIRST, taasisi ya Marekani ya mashindano ya roboti ya wanafunzi, Dean Kamen aliianzisha mwaka 1989, kwenye mashindano yao ya FTC (FIRST Tech Challenge) mechi ni dakika mbili na nusu na sekunde 30 za mwanzo roboti inajiendesha bila rimoti, ila majaji wanakaa pia na watoto wanawahoji, na tuzo kubwa kuliko zote haitolewi kwa pointi za mezani peke yake. World Robot Olympiad, mashindano ya dunia ya roboti ya wanafunzi yaliyoanza 2004, wana sharti la kushtukiza, siku hiyohiyo asubuhi watoto wanaambiwa kitu kipya ambacho hakuna aliyekijua, na kocha haruhusiwi kuingia walipo watoto wakati wa kazi. Miaka mingi tu watoto walikuwa wanaingia na vipande vitupu, roboti inaunganishwa palepale. Hivi vyote havihitaji hela. Ungesogeza kile kizuizi sentimita thelathini, ukasema haya kila timu ina dakika kumi badilisheni wenyewe, milango imefungwa, tungejua saa hiyohiyo nani kaunda nini.

Nyongeza, saa nne usiku: nimesoma majibu yenu yote. Anayesema ni wivu wa maskini, hapana ndugu yangu. Wale wengine kutoka Njiro walikuja na seti ya roboti ya dukani ya bei mbaya, kila kitu kinachomekwa tu, na wakawa wa tatu, na nilienda kuwapa mkono maana niliwaona wanabishana wenyewe kwa wenyewe juu ya programu mpaka mmoja akanuna. Hao ni wanamashindano. Mwenye hela anunue sensa nzuri, anunue mota nzuri, akichapisha bodi ya mwili kwa printa ya 3D sawa tu. Ila mikono iwe ya mtoto.

Na aliyeuliza watoto wamelichukuliaje. Kwenye Kosta ya kurudi hakuna aliyeongea mpaka Usa River. Halafu mtoto wa dada akaniuliza, anko, kumbe ungeweza kutuundia na wewe? Nikamwambia ndiyo ningeweza. Akaniuliza sasa mbona hukutuundia? Sikuwa na jibu la haraka, nikamwambia ingekuwa roboti yangu. Akanyamaza. Sijui kama amenielewa au ameona nimewaangusha, na hapo ndo hasira yangu yote ilipo.

La mwisho. Fomu ya alama ya timu yetu ninayo, madam aliiomba wakampa. Kuna sehemu ya muda, sehemu ya kizuizi, na kuna sehemu imeandikwa mahojiano na wanafunzi, alama 20. Iko tupu. Hakuna tiki, hakuna namba, hakuna saini. Nimeuliza timu nyingine tatu, na zao zipo tupu hivyohivyo. Kwa hiyo waandaaji hizo alama 20 bado mnatudai na sisi tunawadai. Klabu inakutana Jumatano na Ijumaa saa tisa alasiri, mnazo namba za madam kwenye fomu ya usajili. Njooni Moshi na maswali yenu muwaulize hawa, kisha mrudi Arusha mkawaulize wale maswali yaleyale.