Milioni moja na nusu mkononi, ajira hakuna: nifungue biashara au niendelee kuomba kazi?

Mhasibu wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu wa dhati.

Nilimaliza shahada ya uhasibu 2019. Tangu hapo ajira ya kueleweka sijaipata. Nimepita kwenye vibarua vya msimu: nilikuwa karani wa Sensa ya 2022, baadaye nikapata kazi ya uandikishaji wakati wa kuboresha Daftari la Wapiga Kura, na katikati hapo ni nyumbani tu. Naishi Mbagala kwa dada yangu, ana mume na watoto watatu.

Mama ameuza mazao kijijini, nikachanganya na akiba yangu, sasa nina 1,500,000. Nawaza kufungua genge au uwakala wa miamala ya simu hapa hapa mtaani. Au nijikimu na hela hii huku nikiendelea kuomba kazi Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali) na kampuni binafsi, nikijiandaa na mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa kitaalamu. Kuna ofisi moja mjini imekubali nijitolee bila posho. Dada hajasema kitu, ila nami nina macho, naona mzigo umekuwa mzito.

Mlionitangulia, mngekuwa mimi hela hii mngeielekeza wapi?

Wakala wa Siku Nyingi
Pole kwa kusubiri, mdogo wangu. Mimi niko kwenye uwakala tangu Mixx by Yas ikiitwa Tigo Pesa, kwa hiyo nijibu hapo tu.

Hiyo hela kwa uwakala ni ndogo. Mwenye fremu atataka kodi ya miezi mitatu, wengine sita, kwa mkupuo. Toa kodi, meza, mwavuli, leseni. Kinachobaki ukigawe kwenye laini za mitandao mitatu au minne, na bado uwe na keshi mkononi. Mteja akija kutoa laki tano ukamwambia huna, anakwenda kwa jirani, na kesho anaanzia huko huko kwa jirani. Kamisheni inatokana na wingi wa miamala, na miamala inafuata aliye na floti, yaani salio la kufanyia miamala. Halafu kuna matapeli: meseji feki za kuingiza hela, mtu anajifanya amekosea namba, mwingine anapiga simu akijiita mtu wa mtandao. Muamala mmoja wa namna hiyo unameza faida ya mwezi.

Kama ni lazima, anza kwa kukaa kwenye kibanda cha mtu ujifunze. Usianze na hela ya mama.

Mama Genge Tandika
Wanangu wawili wanasoma kwa genge, kwa hiyo sitakutisha, ila nikueleze linavyokwenda.

Alfajiri niko sokoni Temeke Stereo. Tenga la nyanya ukiliona juu limejaa nzuri tupu, za chini zimebanwa, nyingine zimeshapasuka. Nikifika gengeni kazi ya kwanza ni kuzichambua. Ngumu naziweka nyuma, za leo leo napanga mafungu, zilizolainika naweka pembeni, na saa nne mama lishe anazichukua kwa bei ya kutupa kwa ajili ya mchuzi. Nikichelewa kumpelekea, jioni ni za kumwaga. Ukihesabu vizuri, mafungu ya asubuhi yote yanarudisha hela ya tenga na bajaji. Faida imekaa kwenye yale machache ya jioni. Mvua ikinyesha jioni hiyo, faida imelala na inaamka imeoza.

Sasa sikiliza linaloua magenge ya wasichana waliosoma. Genge liko mbele ya nyumba ya dada. Mtoto atatumwa "kachukue vitunguu kwa mamdogo". Shemeji atachukua tungule mbili, jirani atasema andika. Nani utamdai, na wewe unalala kwao? Mtaji unaliwa kidogo kidogo, siku moja unakwenda sokoni na nauli tu. Kaa na dada kabla hujanunua hata kitunguu kimoja. Mwambie kila siku nitachangia mboga ya kiasi fulani, zaidi ya hapo hata mimi nanunua. Akikataa, genge lipeleke mtaa mwingine.

Afisa Utumishi Mstaafu
Binti yangu, nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili kwa muda mrefu.

Pengo refu kwenye CV si kosa, waajiri wanajua hali ilivyo. Tunachouliza ni: katika muda huo mikono yako ilikuwa kwenye nini kinachohusiana na kazi hii? Ukijibu "nilikuwa natafuta kazi" mazungumzo yameishia hapo. Ukisema nilikuwa nashika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi, naandaa taarifa za mauzo, nalinganisha benki na daftari kila mwezi, nitakuuliza swali la pili na la tatu.

Kwa hiyo kujitolea sikupingi, ila jua unajitolea kufanya nini. Ofisi ikikuweka kutoa fotokopi na kupokea wageni, hiyo nauli ya kwenda mjini kila siku unaitupa. Waulize mapema: nitagusa vitabu? Nitasaini mahali nilipoandaa? Nitapewa barua ya utambulisho baada ya miezi mitatu? Uliza pia TaESA, wanaoshughulikia huduma za ajira serikalini, kuhusu mafunzo ya vitendo kwa wahitimu.

Mwalimu Bila Kituo
Naheshimu walionitangulia, ila kuna kitu mnakipita haraka.

Mimi ni mwalimu wa sanaa. Zamani walimu walipangiwa vituo na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa, moja kwa moja, sasa nasi tunapita Ajira Portal na usaili kama kada nyingine. Nimewaona wenzangu walioingia kwenye biashara kwa nguvu zote wakaacha kuangalia portal. Majina ya NIDA (kitambulisho cha taifa) hayajasomana na ya vyeti, cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, ofisi ya usajili wa vizazi, tangazo linatoka na kufungwa wao wako Kariakoo. Mwingine aliitwa kwenye usaili akashindwa kwenda kwa sababu hakuwa na wa kumwachia banda la kuku.

Matangazo ya serikali yanataka umri usiozidi miaka 45, kwa hiyo dada una muda. Na ukifaulu usaili nafasi zikawa chache, jina linahifadhiwa kwenye kanzidata, unaweza kupangiwa baadaye bila usaili mwingine. Mlango haujafungwa. Jiulize: biashara yako inaweza kukaa siku tatu bila wewe? Kama haiwezi, umeshachagua kuacha ajira, hata kama hujasema.

Mtoto wa Kariakoo
Mwalimu, samahani, hapo sikubaliani nawe. Biashara ya kuikumbatia nusu nusu ndiyo inayokufa. Mteja akikuta umefunga Jumatatu na Jumanne, Jumatano haji. Ukiingia, ingia mzima.

Na tuache kuisifia ajira bila hesabu. Tuseme umepata kazi ya mshahara wa 700,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ni 70,000. Kodi ya mshahara inakokotolewa kwenye 630,000 zilizobaki: 270,000 za mwanzo hazikatwi, hadi 520,000 ni asilimia 8, juu ya hapo asilimia 20. Inakuja 42,000. Kama ulisoma kwa mkopo, HESLB (Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu) wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000. Mkononi 483,000, kabla ya nauli na chakula cha mchana.

Afisa Utumishi Mstaafu
Hesabu iko sawa, lakini imalizie. Ile 70,000 haijapotea, ni akiba yake, na mwajiri anaongeza sehemu yake. Deni la HESLB nalo lipo hata akiwa gengeni. Na 483,000 kwa siku 26 za kazi ni kama 18,500 kwa siku. Genge lake lazima limwachie 18,500 safi kila siku, baada ya kurudisha mtaji, ushuru, usafiri, kilichooza na kilicholiwa. Mama Genge, linawezekana?

Mama Genge Tandika
Kwa genge lenye wateja wake, siku nzuri napita hapo. Siku mbaya napata ya unga tu. Mgeni mwenye miezi miwili, hapana, asidanganywe.

Kijana wa Nakuru
Habari kutoka Kenya. Kwetu swali hili ni la kila siku. Tulipata Hustler Fund mwishoni mwa 2022, mkopo wa simu kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 za Kenya, riba asilimia 8 kwa mwaka. Ni nafuu, lakini muda wa kulipa ni siku 14. Unamfaa anayenunua mboga asubuhi na kuuza jioni. Anayejenga banda au kulipa kodi ya duka, siku 14 zinamkuta hajauza chochote. Nasema hivi kwa sababu mtaji wako ukipungua utajaribiwa kukopa. Angalia muda wa kulipa kabla ya riba.

Mwanakikundi Temeke
Huku ndiyo usiguse kabisa kausha damu, ile mikopo ya mitaani ya riba kubwa. Nimeona kitanda na televisheni ya mtu vikibebwa mchana kweupe kwa deni lililoanza dogo.

Halmashauri zina mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Lakini ni wa kikundi kilichosajiliwa, na safari inaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Usiupigie hesabu za mwezi ujao.

Mhasibu wa Mbagala
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mkopo wa HESLB ninao, kwa hiyo hiyo hesabu ni yangu kabisa. Sikuwahi kukaa chini nikaipiga hivyo. Dada nimezungumza naye leo jikoni. Amesema chumba kipo, hanifukuzi, ila angependa nichangie umeme na maji. Genge mbele ya nyumba naliacha.

Swali: Afisa Utumishi, ulitaja kushika vitabu vya duka. Mtu anaanzaje, mimi sina CPA?

Afisa Utumishi Mstaafu
Hapo ndipo nilitaka ufike, binti yangu. Barabara ya Kilwa hapo kwenu ina maduka ya vifaa, famasi ndogo, wauza vipuri. Wengi wana mauzo mazuri na daftari bovu. Hawajui nani anadaiwa, mzigo upi umekufa, makadirio ya kodi yanawakuta hawana karatasi ya kubishia. Usijitangaze mkaguzi wala mshauri wa kodi, hizo zina usajili wake. Wewe unaandika mauzo na manunuzi, unahesabu mzigo, unafuatilia wadaiwa. Duka moja mara mbili kwa wiki, malipo ya mwezi. Mtaji wake ni kompyuta ndogo iliyotumika na nauli. Ukiitwa usaili unamwambia mwenye duka utakuja Alhamisi.

Mtoto wa Kariakoo
Naongeza: la kwanza lifanyie mwezi mmoja bure, ila umwonyeshe mwenye duka hela aliyokuwa haioni. Mfanyabiashara haelewi "mizania", anaelewa "mzee, fundi huyu ana laki nne zako tangu Machi". Mwezi wa pili atakulipa mwenyewe, na atakupeleka kwa mwenzake. Usikubali kulipwa kwa bidhaa.

Mwalimu Bila Kituo
Hiyo naiunga mkono. Na portal iangalie kila jioni, dakika kumi zinatosha. Majina ya NIDA na vyeti yahakikishe wiki hii.

Mhasibu wa Mbagala
Nimeelewa. Kompyuta nitatafuta isiyozidi laki nne, laki tatu naweka kwa mitihani ya CPA ya Novemba, laki moja natenga kwa nauli ya usaili. Laki saba inabaki benki, siigusi bila kuongea na mama. Ile ofisi ya mjini nitaiuliza maswali ya Mzee Afisa Utumishi kabla sijakubali.

Kuna famasi moja karibu na kituo cha Rangi Tatu, mwenyewe ananifahamu. Naanzia hapo Jumatatu.

Wakala wa Siku Nyingi
Famasi ni sawa. Muombe kwanza daftari la miezi mitatu iliyopita, usiahidi chochote kabla hujalisoma.