Ua wa miiba: kikwata, michongoma, minyaa au mathenge?

MshambaSame
Wakuu habari za jioni. Nina ekari tatu tambarare ya Same, mvua zake mnazijua. Mchana mbuzi wa majirani wananimalizia mbaazi, usiku fisi anazungukia zizi. Seng'enge siiwezi, nguzo peke yake ni mtaji. Nataka ua wa mimea. Nimetajiwa kikwata, michongoma na minyaa, na jamaa mmoja wa Kenya ananisifia mathenge, eti unakwenda haraka. Mnashauri upi?

Mwana_Marigat
Huyo jamaa hakutakii mema. Mathenge uliletwa kwetu Baringo miaka ya 1980 ili tupate kuni na kuzuia jangwa. Kuvumilia ukame unavumilia, na mkaa wake ni mzuri, sikatai. Lakini mbuzi wanakula maganda yake matamu, mbegu zinatoka nzima kwenye mavi, na zinaota popote zilipoangukia. Malisho yamezibwa. Ukiukata, kisiki kinachipua upya, tena kwa fujo. Mbuzi wameng'oka meno kwa kula yale maganda. Wazee walifika mahakamani Nairobi na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Usipande hata mche mmoja.

MfugajiKongwa
Kwa ukame huo, kikwata, sioni mshindani. Miiba yake ni mifupi, imepinda kama ndoana, imekaa miwilimiwili. Mnyama akiingiza kichwa, kurudi nyuma ni kazi. Matawi yanaanzia chini kabisa, na hapo ndipo fisi anapotafuta pa kupenyea. Panda mistari miwili, miche ipishane. Faida nyingine ni nyuki: unachanua kiangazi, wakati maua mengine hakuna, na asali yake inagombewa. Mbegu haina haja ya kulowekwa kwenye maji ya moto kama za migunga mingine, ganda lake ni jembamba.

Ubaya upo. Usipoupunguza unajaa mpaka ndani ya shamba, utajikuta umejifungia nje.

MamaMiche_Usa
Michongoma ni ya sisi wenye mvua na mkasi. Ikiachwa bila kukatwa inapanda juu, chini panabaki uwazi, kuku na mbwa wanapita. Same tambarare utaimwagilia mpaka uchoke.

Minyaa ndiyo rahisi kuliko yote: unachomeka kipande ardhini kinashika, na mbuzi hawaigusi. Ila haina miiba, fisi mwenye njaa atapita. Na ule utomvu ukiingia jichoni, ni mbio za hospitali. Una watoto?

MshambaSame
Ninao watatu, watundu.

MamaMiche_Usa
Basi minyaa ifute.

KondaWaZamani
Nami nichangie japo sina shamba. Mti wa miiba niujuao mimi ni ule wa mkahawani pale hoteli ya Stanley, Nairobi. Wasafiri walikuwa wakibandika vikaratasi shinani: fulani nimekwenda Mombasa, nifuate. Kabla ya simu za mkononi ndiyo ilikuwa posta yao.

MfugajiKongwa
Konda, huo ulizuia mbuzi wangapi? 😂

KondaWaZamani
Wenye madeni walikuwa hawaukaribii.

MshambaSame
Tukirudi shambani. Na ule mgunga wenye umbo la mwavuli, vipi? Upo mwingi huku.

MfugajiKongwa
Huo wa kivuli. Ukikua unaacha uwazi chini, ng'ombe mzima anapita. Iliyopo usiikate, maganda yake yanadondoka kiangazi na mbuzi wako watanenepa nayo.

Mwana_Marigat
Kikwata nakubali, lakini mmemficha jambo. Kinachukua miaka kufunga, na mche mchanga mbuzi wanautafuna kama mboga. Mpaka hapo atalinda na nini?

MfugajiKongwa
Ua wa matawi makavu ya miiba, kwa nje, kama bomani. Mchwa watautafuna, kila kiangazi ataurudishia. Matawi apogoe, asiangushe mti mzima. Ndani ya huo ndipo miche ikulie.

MshambaSame
Sawa, kikwata mistari miwili, naanza upande wa zizi. Mbegu napata wapi?

MfugajiKongwa
Usinunue, Same kimejaa. Maganda yakishakauka na kuwa kama karatasi, yachume kabla hayajapasuka, utupe yenye matundu ya wadudu. Otesha kwenye viriba mapema, miche itoke kitaluni mvua za vuli zikishakolea. Na vaa shati la mikono mirefu, moja usilolipenda.